Sanaa haikai upande mmoja wa ubongo

Mtoto akichora vizuri, hakosekani mtu wa kusema: "Huyu anatumia ubongo wa kulia." Kauli hiyo imeshaingia kwenye semina, kwenye majaribio ya mtandaoni ya kupima tabia, hata kwenye ushauri wa kuchagua masomo. Mwenzake anayependa hesabu anaachwa aamini kwamba sanaa si fungu lake. Dhana hii inawafungia watoto milango, ndiyo maana naanza nayo kati ya dhana potofu nne kuhusu sanaa na ubongo.

Dhana: wasanii hutumia ubongo wa kulia, watu wa hesabu na lugha wa kushoto

Chanzo chake ni utafiti wa kweli. Katika miaka ya 1960 huko California, Roger Sperry na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kifafa kikali ambao madaktari walikuwa wamewakata nyuzi za neva zinazounganisha nusu mbili za ubongo, ili kifafa kisivuke upande wa pili. Picha ya kitu ikimulikwa kwa kasi upande wa kushoto wa upeo wa macho, mgonjwa alisema hajaona chochote. Lakini mkono wake wa kushoto, ukipapasa vitu asivyoviona, ulikiokota kitu kilekile. Nusu ya kulia, ambayo hupokea yanayoonekana upande wa kushoto na kuongoza mkono wa kushoto, ilikuwa imekiona, ila uwezo wa kusema uko zaidi katika nusu ya kushoto. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na aliistahili.

Kosa lilikuja baadaye, pale habari za watu waliokatwa nyuzi hizo zilipogeuzwa kuwa habari za sisi ambao nyuzi zetu ni nzima na zinapitisha taarifa huku na huku bila kukoma. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000. Ni kweli kazi fulani huelemea upande mmoja, lugha ikiwemo. Lakini hawakupata ushahidi kwamba kuna watu ambao ubongo wao kwa jumla ni wa "kulia" au wa "kushoto".

Kwangu mimi, ushahidi unaogusa zaidi umetoka kwa wasanii wawili waliopigwa na kiharusi. Vissarion Shebalin, mtunzi wa muziki wa Urusi, alipata kiharusi cha pili mwaka 1959, na nusu ya kushoto ya ubongo wake ikaharibika. Kusema kukawa shida, kuelewa anachoambiwa kukawa shida. Hata hivyo aliendelea kutunga, akaimaliza simfoni yake ya tano kabla ya kufariki mwaka 1963. Alexander Luria, bingwa wa masuala ya ubongo aliyemchunguza, aliandika habari zake.

Utasema basi muziki uko kulia, na sanaa nayo iko huko huko. Haya, mtazame Lovis Corinth, mchoraji wa Ujerumani. Desemba 1911 kiharusi kilimpiga nusu ya kulia, upande wa kushoto wa mwili ukapooza. Kama usanii ungekuwa unaishi kulia, wake ungeishia hapo. Lakini haukupita mwaka kabla hajarudi kupaka rangi kwa mkono wa kulia, na alichora hadi alipofariki mwaka 1925. Athari zinaonekana: katika baadhi ya picha zake za baadaye, upande wa kushoto umepinda au umekosa vitu. Hata hivyo mandhari za ziwa Walchensee, alizozichora baada ya kiharusi, ni miongoni mwa kazi zake zinazosifiwa sana. Kuchora ni kuona, kukumbuka, kupanga, kuhisi na kuongoza mkono, na shughuli hizo zimetapakaa ubongo mzima.

Dhana: muziki wa Mozart humwongezea mtoto akili

Utafiti ulioizaa dhana hii, wa mwaka 1993, haukuwa na mtoto hata mmoja. Walikuwa wanafunzi 36 wa chuo. Walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kufikiria maumbo, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo.

Baadaye watafiti nchini Kanada waliwasikilizisha watu muziki au hadithi. Waliopenda hadithi walifanya vizuri baada ya hadithi. Kumbe mtu akichangamka, hufikiri vyema kwa muda mfupi, basi.

Kupiga ala ni habari nyingine. Utafiti wa mwaka 1995 uligundua kwamba kwa wapigaji wa ala za nyuzi kama fidla, eneo la ubongo linalohisi vidole vya mkono wa kushoto ni kubwa kuliko la watu wengine, hasa kwa walioanza wakiwa wadogo. Mzazi mwenye fedha kidogo, nunua ala.

Dhana: jicho hupiga picha, ubongo huitazama tu

Fungua kwenye simu picha ya Mona Lisa, mwanamke aliyechorwa na Leonardo da Vinci, ikuze ijae kioo, kisha mtazame machoni. Anatabasamu. Sasa mkazie mdomo wenyewe, na tabasamu linapungua. Picha ni ileile, ulichokiona ndicho kimebadilika. Margaret Livingstone wa Chuo Kikuu cha Harvard alilieleza jambo hili mwaka 2000. Katikati ya upeo wa macho tunaona mistari midogo. Pembezoni tunaona vivuli vipana visivyo na kingo. Tabasamu lile Leonardo alilijenga kwa vivuli laini vya mashavuni, ndiyo maana linakolea ukilitazama kwa pembeni. Aliligundua kwa kutazama watu kwa subira, karne nyingi kabla ya maabara.

Dhana: wazimu ndio chemchemi ya usanii

Hii huniuma, kwa sababu humfanya msanii mgonjwa aogope matibabu. Mfano unaotajwa daima ni Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi. Lakini ugonjwa ulipompanda, kazi ilisimama. Julai 1889, akiwa hospitalini Saint-Rémy, shambulio lilimkuta nje akichora, na kwa wiki kadhaa hakuweza kufanya kazi. Picha zake alizichora katika vipindi vya utulivu, kwa mpango na kwa bidii. Agosti mwaka huo alimwandikia ndugu yake Theo akimwomba amweleze daktari kwamba kuchora ni muhimu ili apone.