Balzac wa Rodin: joho lenye mikono mitupu

Wateja wanaoniletea picha ya marehemu ili nifinyange kichwa chake huanza na swali lilelile: "Atafanana?" Ni swali la haki. Lakini likishaulizwa, mawazo yangu huenda kwa Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa, aliyelihangaikia kwa miaka saba.

Mwaka 1891 chama cha waandishi wa Ufaransa, Émile Zola akiwa rais wake, kilimwagiza Rodin sanamu ya Honoré de Balzac, mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka 1850. Rodin aliahidi kuimaliza kwa miezi 18. Alikuwa mtoto Balzac alipokufa, kwa hiyo alianza kama mpelelezi. Alikusanya michoro na picha. Akasafiri hadi mkoa wa Touraine, alikozaliwa Balzac, akatafuta sura za watu wa huko, na akampata dereva wa gari la farasi aliyeshabihiana naye. Akamfinyanga. Akamsaka hata fundi cherehani aliyewahi kumshonea Balzac, ashone nguo kwa vipimo vilevile vya zamani. Kisha akaufinyanga mwili ukiwa uchi: tumbo limetokeza, miguu mifupi imekita chini kama ya mpiga mieleka.

Hadi hapo kufanana tayari alikuwa nako. Mtu mwingine angemvika suti, akaikabidhi kazi na kudai pesa yake.

Balzac aliandika usiku, kahawa mkononi, amevaa joho kama la watawa. Rodin alilichukua joho halisi, akalichovya kwenye plasta, akalifunika juu ya umbo na kuliacha likauke na mikunjo yake. Mwili wote alioujifunza kwa miaka ukapotea ndani. Mikono ya mtu imefichwa. Mikono ya joho inaning'inia mitupu. Hakuna kalamu, kitabu wala kiti. Kwangu mimi huo ndio ujasiri mkubwa wa kazi hii, maana kila fundi anajua uchungu wa kufunika kitu kilichomgharimu. Na kazi ile haikupotea: joho linasimama vile kwa sababu chini yake kuna mwili.

Kilichobaki ni kichwa, na hapo macho ndiyo yanayoniteka. Shaba haina weusi wala weupe wa jicho. Mchongaji akitaka mtazamo, inabidi achimbe shimo ili kivuli kifanye kazi ya mboni. Rodin amechimba sana, akaachia nyusi zitokeze juu kama paa. Ukisogea karibu unaona mabonge tu: pua, masharubu, midomo minene, alama za vidole kwenye udongo wa awali. Rudi nyuma hatua kumi, mabonge yanaungana na mtu anakutazama.

Plasta ilipoonyeshwa Paris mwaka 1898, watu walicheka. Wengine waliona chura ndani ya gunia, wengine mtu wa theluji. Chama kikaikataa. Rodin akarudisha malipo ya awali, akaichukua sanamu nyumbani kwake Meudon, na kazi akapewa Alexandre Falguière. Balzac wa Falguière ameketi, kakunja nne, na anafanana. Sijawahi kukutana na mtu anayemkumbuka.

Rodin alifariki mwaka 1917 bila kuiona sanamu yake ikisimama hadharani. Ilisimamishwa kwa shaba mwaka 1939, mahali barabara ya Raspail inapokutana na Montparnasse, Paris.

Ukifika huko, usianze na uso. Anzia mgongoni, ambako hakuna chochote ila joho linaloteremka kama mteremko wa mlima. Kisha zunguka taratibu hadi ubavuni. Hapo utaona kwamba mzee hajasimama wima: ameegemea nyuma, kichwa kimevutwa juu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake usiku wa manane, naye bado hajaitika.