Paja lina nini ndani? Maswali ninayoulizwa wodini na majibu yake

Nipo wodi ya mifupa kama muuguzi na kila wiki tunapokea vijana wa bodaboda waliovunjika paja, na ndugu zao wakija wanauliza yale yale. Nimeona niyaandike, maana makosa mengi yanayofanyika kabla mgonjwa hajatufikia yanatokana na watu kutojua paja limetengenezwaje.

Swali: Kwani mguu si mguu tu, mbona daktari anauliza mara tatu tatu unauma wapi?

Kwa Kiswahili mtu akisema mguu unauma anaweza kuwa anaongelea popote kuanzia nyonga mpaka kidole, ndo maana. Lakini majina tunayo, tuyatumie. Paja linaanzia kwenye nyonga na kinena linashuka mpaka goti, gotini pale mbele kuna ile pia ya goti inayochezacheza ukiisukuma, chini yake ni muundi, nyuma ya muundi ni shavu la mguu, halafu kifundo, kisigino na wayo. Mguu mmoja una mifupa 30. Sasa angalia ilivyogawanyika: 26 yote iko kuanzia kifundoni kwenda vidoleni, miwili iko kati ya goti na kifundo, mmoja ni pia ya goti, na paja zima limebebwa na mfupa mmoja tu.

Swali: Na huo mmoja ni imara kweli?

Ndo mrefu na imara kuliko mifupa yote mwilini, urefu wake ni kama robo ya kimo chako. Kwa kijana mwenye afya hauvunjiki kirahisi, mpaka pikipiki iwe spidi au mtu adondoke kutoka juu ya mnazi. Kwa hiyo ukiona paja la kijana limevunjika ujue nguvu iliyompiga ilikuwa kubwa na inawezekana kaumia na tumboni au kichwani.

Kwa bibi na babu ni habari nyingine. Mfupa umeshapungua uimara, akiteleza tu bafuni panakatika pale kwenye shingo ya mfupa, karibu na nyonga. Utaona mguu umekuwa mfupi kidogo na wayo umelalia nje. Jamani msimwambie bibi ajikaze atembee, mpelekeni.

Swali: Ndugu yetu hana hata mchubuko, damu haijatoka hata tone, mbona mnasema anahitaji kuongezewa damu?

Hili ndo swali ninalotamani kila mtu alijue jibu lake. Paja lina nyama nyingi: mbele kuna misuli mikubwa minne inayonyoosha goti, nyuma kuna mitatu inayolikunja, na upande wa ndani kuna ile inayovuta mapaja yakutane. Mfupa ukikatika misuli hiyo yote inajikaza kwa maumivu na kuvuta, vipande viwili vinapishana, mguu unakuwa mfupi, na zile ncha kali zinachoma misuli na mishipa ya damu. Mfupa wenyewe nao una damu. Sasa hiyo damu inamwagikia ndani kwa ndani, na paja lina nafasi kubwa ya kuimeza, lita 1 mpaka lita 1 na nusu zinaingia humo bila ngozi kuchanika. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu! Watu wanaona paja limevimba wanasema ameteguka, wanamlaza nyumbani mpaka asubuhi. Ukiona anatoka jasho la baridi, ana kiu, mapigo yanaenda mbio, anaanza kuongea vitu havieleweki, huyo anaishiwa damu.

Weka vidole kinenani, katikati hivi ya mkunjo, bonyeza, utasikia mapigo. Hiyo ni ateri kubwa ya mguu, inapita mbele ya paja, inazama upande wa ndani na kutokea nyuma ya goti. Kama kuna jeraha na damu inaruka, chukua kitambaa safi ukandamize hapo hapo panapotoka kwa nguvu zako zote, usiachie kila mara kuchungulia kama imekata.

Swali: Sisi wa barabarani tufanye nini basi?

Kwanza msimpakie mishkaki. Nimeona wengi wameletwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, mguu unaning'inia, kila shimo la barabara zile ncha zinachoma upya, alikuwa na nafuu akafika amepauka. Tafuteni gari ambalo atalala. Msivute mguu kuunyoosha, msikande. Wekeni kanga au nguo katikati ya miguu, mfunge mguu mbovu na mzima pamoja kwa vitambaa sehemu kadhaa, mkipata ubao au fimbo ndefu wekeni kwa nje kuanzia ubavuni mpaka kifundoni. Msifunge pale pale palipovunjika. Maji na chakula msimpe, anaweza kuingia tieta, yaani chumba cha upasuaji, muda wowote.

Kutuliza mguu sio jambo dogo. Karne ya 19 kule Liverpool daktari Hugh Owen Thomas alibuni banzi la chuma la kushikilia mguu, na kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia mpwa wake Robert Jones ndo alihimiza litumike kwa wanajeshi waliovunjika mapaja. Mpaka leo hospitali zinalitumia.

Swali: Mbona kuna waganga wa kuunga mifupa na watu wanapona?

Mfupa unaunga wenyewe, hilo ni kweli, tatizo unaunga vipi. Kwa mkono au muundi uliopata ufa mdogo mtu anaweza kubahatika. Paja hapana, ile misuli niliyoisema haiachi kuvuta, utapona na mguu mfupi au uliopinda maisha yote. Na ukifungwa vijiti vikakaza sana damu haifiki vidoleni, vinakuwa baridi, vyeusi, hapo tunaongelea kukata. Hospitalini tunaingiza chuma ndani ya uwazi wa mfupa kinapita kama msumari, njia iliyoletwa na daktari Gerhard Küntscher wa Ujerumani karibu na 1940. Kuna aina nyingine, ya daktari Lewis Zirkle wa Marekani, inayoweza kuwekwa hata kama tieta haina mashine ya eksirei, na hospitali zetu zinaitumia. Jeraha likiwa wazi na chafu ndo utaona mtu kawekewa antena kwanza, yaani vile vyuma vinavyoshikilia mfupa kwa nje ya ngozi. Kwa mtu mzima hesabu miezi 3 mpaka 6 mfupa uunge vizuri, uvutaji wa sigara unachelewesha.

Swali: Mwanangu kwa nini anachomwa chanjo pajani na sio takoni?

Kwa sababu takoni unapita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, unatoka kiunoni, unapita chini ya nyama ya tako na kushuka nyuma ya paja. Sindano ikiugusa wayo unaweza kulegea, mtoto akawa anaburuza kidole anapotembea. Upande wa nje wa paja, katikati, hamna mshipa mkubwa wowote na hata kichanga ana nyama ya kutosha, ndo maana chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinachomwa hapo. Usikande kwa maji ya moto wala kupaka dawa.

Swali: Mtoto wangu ana seli mundu analia goti, eksirei ya goti haina kitu. Anadanganya?

Hadanganyi mama. Maumivu ya nyonga mara nyingi yanasikika gotini kwa kuwa mishipa ya fahamu ni ile ile. Kwa wenye seli mundu damu inaweza kukosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, na kikaanza kufa taratibu. Omba waangalie nyonga.

Swali: Nimesafiri siku nzima kwenye basi, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Nikande?

Usikande. Misuli ya shavu ndo inasukuma damu kurudi juu kila unapotembea, ukikaa masaa mengi misuli hiyo inatulia na damu inaweza kuganda, na ukikanda bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Mguu mmoja kuvimba ghafla, hasa kwa aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji juzi juzi, nenda hospitali leo hii, na ukianza kubanwa kifua au pumzi, usisubiri hata gari la bure, kodi uende.