Distrito ya Andes ni nini? Tuitazame Quehue

Peru imegawanywa katika mikoa, mikoa katika provinsia, na provinsia katika distrito. Distrito ziko zaidi ya 1,800, kila moja na meya na madiwani wanaochaguliwa kwa miaka minne. Neno lisikudanganye: ukitafuta wilaya kwa kipimo cha kwetu, provinsia ndiyo inayokaribia. Distrito ni ndogo zaidi.

Hayo ni ya karatasini. Kule juu kwenye milima ya Andes, wanakozungumza Kiquechua, distrito ni kama paa tu. Wenye nyumba ni jumuiya za wakulima zinazomiliki ardhi kwa pamoja. Kwa Kihispania huitwa comunidad campesina, jina lililowekwa na mageuzi ya ardhi ya Jenerali Juan Velasco Alvarado, mtawala wa Peru wakati huo, mwaka 1969. Waquechua wana neno lao la tangu enzi na enzi, ayllu: watu waliofungamana kwa ukoo na kwa ardhi.

Chukua Quehue, distrito ya provinsia ya Canas, mkoani Cusco. Kila Juni jumuiya nne, Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, hujenga upya Q'eswachaka, daraja la nyasi lenye urefu wa mita kama 28 juu ya mto Apurímac. Nyasi tupu, jamani! Kila kaya huleta kamba yake nyembamba iliyosokotwa kwa mkono. Kamba hizo huunganishwa na kusukwa tena na tena hadi zipatikane zile nene za kubeba watu. Kabla ya kazi, dua na sadaka hupelekwa kwa Pachamama, mama ardhi. Mwaka 2013 UNESCO iliutambua ujuzi huu kuwa urithi wa binadamu.

Kazi ya namna hii, ya wote kwa faida ya wote, huitwa minka. Mtu wa Upareni angesema msaragambo. Ayni ni jambo jingine: leo nakulimia viazi, kesho unanilimia mimi, na deni halisahauliki. Bila hayo mawili, ramani ya distrito haikuelezi lolote kuhusu watu wake.

Korona ilipozuia ujenzi wa 2020, nyasi zilichakaa, na Machi 2021 daraja likakatika. Hapakuwa tena na la zamani la kushikilia jipya. Juni hiyohiyo kaya zilirudi mtoni na kamba zao.