"Niongezee volyumu": dhana za miksi ambazo nshachoka kuzisikia

Kila anayeniletea ngoma ya pop au ya klabu nimmiksie, yaani nizipange sauti zake zote zikae pamoja, neno la kwanza ni hilo hilo, bro ngoma yangu iko chini, niongezee volyumu ipigane na za redioni. Nshawaelezea watu wa Nyali, wa Likoni, wa Mtwapa, na kesho naulizwa tena. Sasa naandika.

Ngoma kuwa na levo kubwa sio kusikika kubwa. Spotify kwa setingi yake ya kawaida inazileta nyimbo zote karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ndio kubwa zaidi), YouTube nayo inazishusha zilizopita hapo. Wewe umenilazimisha nikaze limita, ile inayozuia sauti isipite kiwango, mpaka masta, yaani faili ya mwisho ya wimbo, ifike -6, ikichezwa inashushwa desibeli 8, na ule mpigo wa kiki (dramu nzito ya chini) tulioubana haurudi ng'o. Mwenzako aliyeacha yake kwa -9, kiki nzima, ikishushwa pale pale yake ndio inapiga kifua. Mtaniambia klabuni hakuna kushushwa, ni kweli, lakini DJ ana nobu ya geini kwa kila chaneli, atazisawazisha mwenyewe.

Kinachofanya ngoma isikike kubwa ni nafasi, ndugu zangu, nafasi! Sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya 2 na 5 kHz, ndipo maneno yanapoeleweka, sasa ukijaza sinthi tatu hapo na gitaa juu yake, mwimbaji amezama na hakuna volyumu ya kumtoa. Kule chini nako kiki na besi zikigonga pamoja zinakula limita yote kabla sauti ya mtu haijapata kitu, kwa hivyo amua nani akae chini kabisa, ama weka saidicheni besi ipishe kila kiki ikiingia. Ngoma ya BPM 120 (mapigo 120 kwa dakika) ina milisekunde 500 toka kiki moja hadi nyengine, rilizi ya kompresa ya hiyo saidicheni, yaani muda wa kuiachia besi baada ya kuishusha, lazima iwe ishamaliza kabla ya hapo. Ni hesabu ya darasa la nne na watu hawaifanyi.

Halafu mtu anataka nifungue spika mpaka dirisha litetemeke ndio ahukumu miksi. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kuliko sauti za kati, ndio maana ukifungua sana kila kitu kitamu, hata miksi mbovu. Mimi namiksi kwa sauti ya watu wanaoongea mezani, na nikisikia maneno, kiki na snea hapo basi imekaa. Ukitaka kulinganisha na ngoma unayoipenda, iingize kwenye projekti uishushe mpaka zilingane kwa sikio, maana iliyozidi hata desibeli moja itaonekana bora bure tu.

Eti masta itarekebisha. Masta inapokea faili moja ya stereo, kila kitu kishachanganyika, nikipunguza ukali wa hai-hati (yale matoazi) hapo nagusa na sauti yako pia, kwa hivyo turudi kwenye miksi.

Eti besi haisikiki kwa simu basi iongezwe. Spika ya simu haiwezi kutoa 50 Hz hata uiongeze vipi, tia satureshen kidogo, yaani uikwaruze sauti kidogo, besi ipate harmoniki za juu ambazo simu inaziweza. Na usiipanue stereo, iache katikati, mifumo mingi ya kumbi ni mono, kushoto na kulia sauti ni ile ile.

Hedifoni? Unaweza kumiksia, mradi unazijua zinavyodanganya.

Na hii ya biti (muziki bila mwimbaji) ya MP3 iliyotolewa YouTube ikageuzwa WAV ndio iwe "kwaliti", wallahi muache. Kilichotupwa hakirudi, faili inanenepa tu, na kiki iliyo ndani ya biti ile siwezi kuishusha peke yake bila kuburuta vyengine. Muombe prodyuza stemu, yaani ala zikiwa faili mbalimbali, WAV za 24-bit, zote zianze sekunde sifuri, na limita aitoe kwenye chaneli ya masta, ile inayopitisha ngoma nzima, kabla hajaniletea.