Marekani ya miaka ya 1920 mwezi kwa mwezi: ripoti za biashara na benki zilionyesha nini, zilificha nini

Watu wengi ukiwatajia uchumi wa Marekani miaka ya 1920 akili inakimbilia Oktoba 1929, soko la hisa likaanguka, basi. Mimi kazi yangu ni historia ya mabenki na muda mwingi unaishia kwenye ripoti za kila mwezi za hali ya biashara zilizokuwa zinatolewa na Federal Reserve, yaani benki kuu yao, na ukizisoma taratibu, mwezi baada ya mwezi, unakuta kumbe kuna upande mzima wa nchi ulishaumia toka 1920 na haukupona tena, huku ripoti ya taifa ikisema mambo mazuri. Hilo ndo nataka kulieleza leo, manake linabadilisha kabisa namna ya kuielewa miaka ile.

Kwanza zilitengenezwaje. Federal Reserve ilianzishwa kwa sheria ya Desemba 1913, na badala ya benki kuu moja wakaweka 12, kila moja na kanda yake: Boston, New York, Philadelphia, Cleveland, Richmond, Atlanta, Chicago, St. Louis, Minneapolis, Kansas City, Dallas na San Francisco. Kila kanda ikawa inapeleka Washington maelezo ya biashara inaendaje kwao, na toka 1915 Bodi, yaani uongozi wa Federal Reserve pale Washington, ikawa inayachapisha kwenye jarida lake la kila mwezi. Mwanzoni yalikuwa maneno matupu, biashara ya viatu imepoa, mbao zinatoka vizuri, wenye maduka wana matumaini, vitu kama hivyo. Ilipofika 1922 kitengo cha utafiti akapewa Walter Stewart, mwalimu wa uchumi, na hapo takwimu zikaanza kuchukua nafasi ya maneno: fahirisi (namba moja inayoonyesha kupanda na kushuka) ya uzalishaji viwandani, ajira, bei za jumla, mauzo ya maduka makubwa, mikopo na amana za benki. Wewe unayefungua tathmini ya uchumi ya kila mwezi ya BoT, Benki Kuu ya Tanzania, leo ungeutambua mpangilio ule mara moja.

Sasa, takwimu ninayoipenda kuliko zote ni ya mabehewa. Makampuni ya reli yalihesabu kila wiki mabehewa ya mizigo yaliyopakiwa nchi nzima, na kipindi kile malori bado ni machache, kwa hiyo karibu kila kitu cha maana kilipita relini. Kwenye miaka mizuri, ikifika vuli, wiki moja inavuka mabehewa milioni moja. Lakini usiishie kwenye jumla. Behewa la mkaa wa mawe linahesabiwa moja na behewa lililojaa nguo na vyombo vya nyumbani nalo linahesabiwa moja, ndo maana wao wenyewe waliyagawa: nafaka, mifugo, mkaa, mbao, mawe ya chuma, na kuna fungu la bidhaa mchanganyiko. Aprili 1922 wachimba mkaa waligoma, ukiangalia jumla utadhani biashara imesinyaa, angalia lile fungu la mchanganyiko ndo utajua madukani kukoje. Mimi naanzia hapo siku zote.

Takwimu ya pili ni ya hundi. Benki zilikuwa zinaripoti thamani ya hundi zilizokatwa kwenye akaunti za wateja, na mzoefu yeyote anaitoa New York kwanza kabla hajasema kitu, kwa sababu pale hela za soko la hisa zinazunguka kwa wingi mno mpaka zinafunika biashara halisi ya nchi nzima.

Na kuna msimu. Kila Septemba na Oktoba ngano na pamba zinavunwa, wanunuzi wanataka cash ya kuwalipa wakulima, benki za bara zinaivuta kutoka New York, riba inapanda. Ile hofu kubwa ya mabenki ya 1907, watu walipokimbilia kutoa hela zao, ilitokea Oktoba, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuundwa Federal Reserve yenyewe. Kwa hiyo ukiona mikopo imeongezeka Oktoba 1923 kuliko Agosti usishangilie wala usiogope, linganisha na Oktoba ya mwaka uliopita.

Tuje 1920 wenyewe. Vita imeisha, bei ziko juu sana, kila mtu anaagiza mali akiamini kesho itakuwa ghali zaidi. Benki ya New York ikapandisha riba yake mpaka asilimia 7 Juni 1920, na bei ambazo zilikuwa zimeshaanza kuyumba zikaporomoka, bei za jumla zikashuka zaidi ya asilimia 40 ndani ya mwaka mmoja hivi. Angalia oda za U.S. Steel, kampuni kubwa ya chuma, ambazo zilikuwa bado hazijatimizwa: Julai 1920 ni zaidi ya tani milioni 11, katikati ya 1921 zimebaki kama milioni 5. Nyingi ya zile za mwanzo zilikuwa hewa tu, mnunuzi akiogopa chuma kitaadimika anaagiza viwanda vitatu kwa pamoja, kikianza kupatikana anafuta viwili. Ndo maana kitabu cha oda kilichojaa namna ile ni cha kukiogopa.

Pamba katikati ya 1920 ilikuwa kwenye senti 40 kwa ratili, mwaka haujaisha iko chini ya 20. Na hapa sio habari za Marekani peke yao, manake bei za mazao zilianguka dunia nzima na huku kwetu zikafika. Mkulima wa pamba Uganda aliona bei yake inakatika, na Kenya mwaka 1921 walowezi wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, ndo hasira zilizompa nguvu Harry Thuku, mwanaharakati wa Kikuyu aliyepinga serikali ya kikoloni, mpaka akakamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi Nairobi wakidai aachiwe. Mimi naona mtu akifundisha habari ya Thuku bila kutaja anguko la bei la 1920 anaacha nusu ya maelezo.

Viwanda vya Marekani vilisimama haraka, 1922 vinapanda, masika ya 1923 vinavunja rekodi. Wakulima hawakusimama. Wakati wa vita walinunua mashamba kwa mkopo, Iowa bei ya ardhi ilipanda kupita kiasi, sasa mazao yameshuka bei lakini deni liko palepale, na huko Georgia juu yake kuna mdudu anayekula vitumba vya pamba. Mikopo ikawa chechefu, yaani hailipwi, benki zikaanza kufungwa.

Na hapa ndo ripoti ya taifa inapokupoteza. Ile sehemu ya benki ilitegemea sana benki wanachama zilizokuwa zinapeleka hesabu kila wiki, na hizo zilikuwa za miji mikubwa 101. Benki zilizokuwa zinakufa hazikuwemo humo. Nyingi zilikuwa za vijiji na miji midogo, mtaji dola 25,000 au pungufu, nyingi hata sio wanachama wa Federal Reserve, na majimbo mengi yalikataza au kubana matawi kwa hiyo benki moja inaishi kwa kijiji kimoja na zao moja, zao likianguka hakuna pa kukimbilia. Bima ya amana ya nchi nzima ilikuja baada ya 1933, kabla ya hapo mama mjane aliyeweka akiba yake pale anasubiri kuona kitakachopatikana mali ikishauzwa. Kati ya 1921 na 1929 zilifungwa zaidi ya 5,000, wastani unapita 600 kwa mwaka, na hiyo ndo miaka tunayoambiwa ilikuwa ya neema. Inaniuma kila nikiona watu wanaipita hii kama jambo dogo.

Kwenye zile benki za mijini kuna safu mbili za kuangalia, mikopo iliyodhaminiwa kwa hisa na mikopo mingine yote. Toka 1926 mpaka 1929 ya kwanza ndo inakimbia. Mikopo kwa madalali wa hisa New York ilikuwa dola bilioni 3 na kidogo mwanzoni mwa 1926, Oktoba 1929 inakaribia bilioni 7, na zaidi ya nusu yake wala haikuwa hela ya benki, ni makampuni na watu wengine walikuwa wanakopesha kupitia benki.

Kwa anayetaka kuanza kuzisoma, chukua ya taifa ya masika 1923 halafu weka pembeni yake ya kanda ya Minneapolis ya mwezi huohuo, kanda ya ngano, Minnesota, Dakota mbili (ya Kaskazini na ya Kusini) na Montana. Montana walikuwa wametoka kwenye ukame wa miaka kadhaa, na kati ya 1920 na 1926 karibu nusu ya mabenki ya jimbo lile yalifungwa. Soma mazao kwanza, halafu amana za benki za vijijini, ya viwanda yaache mpaka mwisho.