Kisima kinachopiga mluzi alfajiri

Vijana wanaohitimu masomo ya maji mara nyingi hupangiwa vituo mbali na kwao. Mtoto wa Njombe anajikuta Bagamoyo, hajawahi kuona bahari ikipwa, na hata joto hajalizoea analetewa kesi: kuna kisima kina mambo. Kazi yangu ni maji ya ardhini, na vijana wa namna hii nimewaongoza. Leo naeleza kesi moja ambayo binti mgeni aliifuatilia vizuri kuliko wataalamu wengi wa rika langu.

Kisima kilikuwa ndani ya ua wa nyumba ya zamani, si mbali na ufuko, kimefunikwa kwa zege lenye ufa. Alfajiri kilisikika kikipiga mluzi. Maji yake yalipanda bila mvua. Na kwa miezi ya karibuni yalikuwa yakigeuka: siku hii matamu, siku ile chai hainyweki kwa chumvi. Mtaani walishakata shauri kwamba kuna jini, na wapo waliotaka kifukiwe kwa mawe.

Binti hakubishana na mtu. Aliketi barazani na bibi mwenye nyumba, akamwamkia, wakazungumza habari za nyumbani, ndipo akauliza, "Bibi, hiyo sauti huwa inakuja lini?"

"Huja na adhana ya alfajiri, mjukuu wangu. Lakini si siku zote. Itakuja siku mbili tatu, halafu inachelewachelewa mpaka jua linachomoza, kisha inapotea. Mwezi ukiandama inarudi. Ukiwa mpevu, inarudi tena."

Nilipoyasoma maneno hayo kwenye daftari lake nilifurahi sana, maana bibi alikuwa ameshaeleza bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50, ndiyo maana kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kidogo kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ya bamvua mbili, huwa ndogo zaidi. Tena siku za bamvua, upande huu wa Bagamoyo, Zanzibar na Dar es Salaam, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Shinikizo la bahari hupita kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, likafika kisimani limechelewa na limepungua nguvu. Hapo ni saa 11, watu wako macho kwa ajili ya sala na mji umetulia. Mluzi wa jioni upo pia, ila unamezwa na kelele za watoto na bodaboda.

Maji yanayopanda ndani ya kisima kilichofunikwa husukuma hewa itoke, na pa kutokea ni kwenye ufa tu. Binti alilaza kipande cha karatasi ya daftari juu ya ufa ule. Maji yalipokuwa yakipanda, karatasi ilitetemeka na kuinuka ukingo. Yaliposhuka, ikanyonywa ikagandamana na zege. Aliwaita bibi na majirani waje waone kwa macho yao, na kwa maoni yangu hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko ripoti yoyote ambayo angeiandika.

Ilibaki chumvi, na chumvi haikufuata mwezi. Wengi wangeishia kusema bahari inaingia kisimani wakati wa bamvua, wakafunga jalada. Yeye aliendelea kupima kwa kipima chumvi, akaona kinasoma juu Jumatatu na kushuka kufikia Alhamisi, bamvua iwepo isiwepo. Akaanza kuuliza ni nini hapo mtaani kinachofuata siku za wiki. Jirani palikuwa na nyumba ya wageni yenye kisima kirefu na pampu ya umeme. Wageni kutoka Dar es Salaam hufika Ijumaa na kuondoka Jumapili, na siku hizo pampu haipumziki.

Chini ya mji wa pwani, maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani walionyesha hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini yake. Sasa geuza hesabu hiyo. Ukivuta mpaka maji yakashuka sentimita 10 na ukaendelea hivyo, mpaka wa chumvi chini unaweza kupanda hadi mita 4. Na ulimi hauhitaji nyingi: sehemu 2 tu za maji ya bahari katika 100 zinatosha mtu kulalamika. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha chumvi.

Kisima cha Kaole, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, jirani na magofu ambayo chimbuko lake ni karne ya 13, kipo karibu na bahari na wageni bado huonyeshwa maji yake yasiyo na chumvi. Waliokichimba walichota kwa ndoo, kidogo kidogo, kutoka juu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa muungwana. Alikubali pampu ipandishwe juu na ivute polepole wiki nzima kujaza matangi, badala ya kukimbizwa siku mbili, na akaweka mifereji ya kukinga maji ya paa kwa ajili ya masika. Chumvi kwa bibi imepungua, haijaisha. Kipimo ninachokisubiri ni cha Februari, ardhi ikiwa kavu kabla ya masika, na nimemwomba binti akichukue Jumatatu, saa ileile, kwa kipima kilekile.