Trekta kwa dereva mwenye ulemavu: hesabu miondoko kabla ya hospawa

Anayenunua trekta huulizwa shamba lina ukubwa gani na zana gani zitafungwa nyuma. Dereva akiwa amekatwa mguu, ana baridi yabisi, amepata kiharusi au ana mgongo usiokubali kugeuka, kuna swali ninaloliweka mbele ya hayo yote: kwa siku moja ya kazi mwili wake utafanya miondoko gani, na mara ngapi? Hospawa, yaani nguvu ya injini, zikikosewa, kazi inachelewa. Miondoko ikikosewa, dereva anashindwa katikati ya msimu, au anaanguka.

Chukua kazi ya kupakia samadi kwa kijiko cha mbele. Kila kijiko kina mabadiliko manne ya mwelekeo: mbele kwenye lundo, nyuma, mbele kwenye trela, nyuma tena. Kwa giaboksi ya kawaida kila badiliko ni kukanyaga klachi, kwa hiyo vijiko 40 ni mikanyago 160. Sasa zima injini, chukua mizani ya kuning'iniza, ifunge kwa kamba kwenye pedali ya klachi na uivute upande ule ule ambao mguu husukuma mpaka pedali ifike chini. Ikisoma kilo 20, goti la dereva litasukuma jumla ya kilo 3,200 kabla ya chakula cha mchana. Kipimo hiki kinachukua dakika tano, na kinasema mengi kuliko karatasi ya matangazo.

Ndiyo maana giaboksi ni uamuzi mkubwa kuliko yote. Liva ya mbele-nyuma ziko aina mbili, na kwa macho zinafanana: kwa kawaida hukaa kushoto, chini ya usukani. Moja ni ya kimekanika. Inarahisisha kubadilisha mwelekeo, lakini klachi lazima ikanyagwe. Nyingine ni ya haidroli: sahani zake zimo ndani ya oili, zinabanwa kwa presha, na mguu haugusi kitu wakati wa kugeuza mwelekeo. Wauzaji huzichanganya sana. Usijaribu kwa kuvuta liva bila klachi, maana kama ni ya kimekanika utasikia meno ya gia yakisagana. Fungua kitabu cha trekta, soma ukurasa wa kubadilisha mwelekeo.

Haidrostati, aina nyingine ya giaboksi, inaendesha magurudumu kwa pampu na mota ya oili. Kasi na mwelekeo vinatoka kwenye pedali moja au mbili. Ukiondoa mguu, trekta inapunguza mwendo na kusimama. Kwa aliyekosa mguu wa kushoto ni chaguo zuri mno, kwa kuwa pedali hiyo kwa kawaida iko kulia. Udhaifu wake ni kwamba sehemu ya nguvu ya injini inapotea kama joto kwenye oili, hivyo kwa kuvuta plau saa nyingi kwenye udongo mzito haishindani na gia. Kwa kukata nyasi, kazi za kijiko na kusogeza trela, sioni kinachoishinda. Hakikisha tu ina swichi au liva ya kushikilia mwendo. Bila hiyo kifundo cha mguu kinakaa kimekunjwa muda wote, na mwenye baridi yabisi anaweza kuumia kuliko angekanyaga klachi.

Aliyekosa mguu wa kulia asiuziwe haidrostati ya pedali eti kwa sababu "haina klachi". Tatizo limehamishwa upande tu. Yeye nampeleka kwenye giaboksi isiyo na hatua, ile ambayo Fendt waliizindua mwaka 1995 kwa jina la Vario na ambayo leo watengenezaji wengi wanayo, kwa sababu nyingi zinaruhusu kasi kuongozwa kwa liva ya mkono. Ni ghali, na kwa kawaida iko kwenye trekta kubwa zaidi. Breki bado zinabaki: trekta nyingi zina pedali mbili za breki upande wa kulia. Ziunganishwe kwa komeo lake muda wote, kisha fundi afunge liva ya mkono.

Liva ya mkono kwenye pedali, iwe ya klachi au ya breki, inafanya kazi vizuri ikitengenezwa kwa uangalifu. Ya klachi hasa huharibikia mahali pamoja: uzito wa chuma kilichoongezwa unaikalia pedali, ule uchezaji wa juu (nafasi tupu ambayo pedali hushuka kabla ya kuanza kuisukuma klachi) unakwisha, beringi ya klachi inazunguka muda wote, na klachi inateleza mpaka inaungua. Weka springi ya kurudisha, na upime uchezaji upya baada ya kufunga. Kitabu kitataja kiasi, mara nyingi sentimita 2 hadi 3. Tumia klempu na bolti badala ya kuchomelea, ili chuma kikipinda kibadilishwe bila kuigusa pedali yenyewe. Kisha piga usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama goti au liva vinagongana.

Kupanda na kushuka ndiko madereva wengi wanakojeruhiwa, hata wasio na ulemavu. Pima kutoka ardhini hadi kidato cha kwanza, magurudumu yakiwa yamesimama pale ambapo trekta itasimama kweli, si kwenye sakafu ya duka. Kidato kikifika sentimita 50, mwenye nyonga mbovu atajivuta kwa mikono, na mikono itachoka kabla ya kazi kuisha. Ongeza kidato cha chini kinachoning'inia kwa mpira mzito, ili kikigonga kisiki kiyumbe badala ya kung'oka. Shikio liwe kila upande, lianzie chini ambapo mtu aliyesimama ardhini analifikia. Mguu mzima hutangulia kupanda, mguu dhaifu hutangulia kushuka, na kushuka ni kwa kuitazama trekta, viungo vitatu vikiwa vimeshika muda wote.

Angalia pia sakafu. Kwenye trekta nyingi za zamani dereva anaikalia giaboksi kama farasi, mguu huku na mguu huku. Mwenye mguu bandia usiokunja goti hawezi kuuvusha. Sakafu bapa inamruhusu kukaa kwanza, kisha kuuburuta mguu ndani. Kuna sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi: giaboksi inapata moto, na aliyepooza kuanzia kiunoni anaweza kuungua mguu bila kuhisi. Mtu huyo achague sakafu bapa yenye zulia nene la mpira, na atazame kama bomba la moshi liko mbali na mahali anapopandia.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu kuna winchi na lifti za umeme wa volti 12 zinazofungwa kwenye trekta na kumnyanyua hadi kwenye siti. Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue kinashughulikia vifaa vya wakulima wenye ulemavu tangu 1979, na mpango wa AgrAbility, wa kuwasaidia wakulima hao, umekuwepo tangu 1991, kwa hiyo michoro na uzoefu vipo. Kabla ya kufunga lifti, uliza atashukaje betri ikifa au injini ikizimika mbali na nyumbani. Jibu liwe kifaa: mkono wa kuzungusha kwa nguvu ya mtu, na simu mfukoni, si kwenye dashibodi.

Siti ichaguliwe kwa uzito wa dereva. Springi iliyokazwa kwa mtu wa kilo 110 haimnyonyi mtikisiko mtu wa kilo 60, inamrusha. Umoja wa Ulaya, kwa agizo 2002/44/EC, unataka mwajiri achukue hatua wastani wa mtikisiko wa mwili mzima kwa saa 8 ukizidi 0.5 m/s², na unakataza kuvuka 1.15. Mgongo mgonjwa usingoje hata hiyo 0.5. Asiye na hisia makalioni anahitaji mto wa kuzuia vidonda vya mgandamizo, lakini mto unamnyanyua: pima mkanda na pedali akiwa ameukalia. Mkanda hufungwa wakati fremu ya kinga ya kupinduka imesimamishwa. Fremu ikiwa imelazwa, usifunge.

Chini ya siti kuna swichi inayojua kama dereva amekaa. Mtu mwepesi, au anayeegemea upande mmoja wa nyonga, anaweza kuzimiwa injini, au shafti ya PTO (inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana), katikati ya kazi. Kishawishi ni kuunganisha nyaya ili swichi isahaulike. Hapana. Rekebisha mto au siti mpaka uzito uifikie swichi, kwa sababu ndiyo inayosimamisha shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika mtu anapoondoka kitini.

Shingo isiyogeuka inahitaji vioo vipana pande zote na kamera moja inayotazama mikono ya kunyanyulia zana. Mkono mmoja unahitaji kirungu cha usukani, yaani kishikio cha kuuzungushia, na usukani wa haidroli unaobaki mwepesi injini ikizunguka taratibu (silensa).

Kufunga zana ndiko kunakomshusha dereva mara nyingi kuliko anavyodhani. Fremu ya pembetatu ya kuunganisha haraka inamruhusu kurudi nyuma, kunyanyua na kusikia komeo likijifunga akiwa amekaa, ingawa shafti ya PTO kwa kawaida bado inamtaka ashuke. Kila zana lazima iwe na nusu yake ya fremu, na pini zilingane kwa daraja la ukubwa: daraja la 1 pini za mikono ya chini ni milimita 22, daraja la 2 ni 28. Mipira ya haidroli ikigoma kuchomekwa, tatizo huwa ni presha iliyobaki ndani. Zima injini, chezesha liva mbele na nyuma, ndipo uchomeke. Vidole vyenye baridi yabisi havitaweza kabisa bila hatua hiyo.

Jaribio liwe la saa mbili na zana yenyewe ikiwa imefungwa, alasiri, mwili ukiwa umeshachoka. Mwishoni mwambie dereva azime injini na ashuke kwa mlango au upande ambao hajauzoea. Akishindwa, trekta hiyo inahitaji kurekebishwa kabla haijalipiwa.